Kila Mbegu ya Lotasi ni Mmea Mpya: Hotuba Kuhusu Kukuza Lotasi Ndogo Nyumbani

Mabibi na mabwana, ndugu wapenzi wa mimea,

Nawashukuru kwa kunialika nizungumze juu ya lotasi, mmea wa majini, na hasa juu ya zile ndogo zinazoweza kuishi na kutoa maua ndani ya bakuli moja lililowekwa mahali penye jua. Najua kwamba wengi wenu mmekwisha kununua mbegu, na kwamba pakiti yake ina picha ya ua lililochanua vizuri, jina la aina, na rangi mnayoitamani. Ningependa tuanze na picha hiyo, kwa sababu naamini imewavunja moyo wakulima wapya wengi kuliko walivyovunjwa moyo na wadudu au baridi.

Picha ile ni ya mzazi, tena mzazi mmoja tu. Lotasi huchavushwa na wadudu, wakiwemo nyuki na mbawakawa, na chavua inayolifikia ua inaweza kuwa imetoka kwenye mmea mwingine kabisa, wenye kimo kingine na rangi nyingine. Mbegu iliyovunwa kwenye lotasi ndogo nyeupe inaweza kuzaa lotasi ndogo ya waridi, au ikazaa lotasi kubwa yenye majani mapana kuliko beseni la kufulia. Aina zenye majina, ambazo wakuzaji wamezichagua kwa uangalifu, huendelezwa kwa kugawanya mashina yanayotambaa chini ya matope, kwa kuwa kipande cha shina ni mmea ule ule. Mbegu sivyo ilivyo. Anayekuza lotasi kwa mbegu hapati nakala ya picha, bali anapata mmea ambao haujapata kuwapo popote, nami naona kwamba hiyo ndiyo sababu bora ya kuifanya kazi hii, mradi mtu aianze akilijua jambo hilo.

Zipo pia ahadi ambazo hazina msingi wowote. Jenasi ya Nelumbo, yaani kundi la lotasi zote, ina spishi mbili tu: Nelumbo nucifera, ambayo asili yake ni Asia na kaskazini mwa Australia na ambayo maua yake huanzia meupe hadi ya waridi iliyokolea, na Nelumbo lutea ya Amerika, yenye maua ya njano hafifu. Spishi hizi mbili huzaliana bila shida zikikutanishwa, na lotasi ndogo zenye rangi ya malai au njano kwa kawaida zina asili ya zote mbili. Hakuna hata moja yenye ua la bluu, wala jeusi, wala la rangi za upinde wa mvua, kwa hiyo pakiti inayoonyesha rangi hizo haistahili fedha zenu. Ua la bluu linaloonekana katika michoro ya Misri ya kale, ambalo wengi huliita lotasi, ni yungiyungi, Nymphaea caerulea. Lotasi na yungiyungi hukaa maji yale yale lakini si ndugu wa karibu. Uchunguzi wa vinasaba umeiweka lotasi katika oda moja, yaani kundi moja kubwa la ukoo, na mmakadamia. Hata kwa macho mnaweza kuzitofautisha: jani la yungiyungi lina mpasuko unaotoka ukingoni hadi kwenye kikonyo, ilhali jani la lotasi ni duara lisilokatika, na kikonyo chake kimeshika katikati kabisa.

Je, lotasi ndogo ni ipi? Wakuzaji wa China, ambao wamefanya kazi hii kwa muda mrefu, wanacho kipimo ambacho mimi nakikubali kwa sababu kinaupima mmea wenyewe badala ya jina lake. Lotasi ya bakuli ni ile ambayo, ikipandwa kwenye chombo chenye kipenyo kisichozidi sentimita 26, hutoa maua. Na kwa wastani maua hayo hayazidi sentimita 12 kwa upana, majani yake yaliyosimama, yaani yanayoinuka juu ya maji, hayazidi sentimita 24, na kimo chake hakizidi sentimita 33. Zingatieni sharti la kwanza. Lotasi kubwa ikibanwa kwenye bakuli nayo itabaki na majani madogo, na mtu anaweza kudhani amepata lotasi ndogo, lakini kwa kawaida haitachanua. Udogo wa kweli huthibitishwa na ua, na ndiyo maana nasema kwamba miche yote inapaswa kupewa vyombo vidogo tangu mwanzo, kisha iachwe ijitambulishe yenyewe.

Sasa tuitazame mbegu. Mbegu nzuri ya kupanda ni ngumu, ina rangi ya kahawia nyeusi, na ukiidondosha mezani inalia kama kokoto. Zile nyeupe zinazouzwa kama chakula zimekwisha kumenywa, na mara nyingi kiinitete cha kijani kilicho ndani yake kimetolewa kwa sababu ni kichungu, kwa hiyo hata zikilowekwa mwezi mzima hazitaota. Kwa wataalamu wa mimea, hiki tunachokiita mbegu ni tunda kavu lenye mbegu ndani, na ganda lake gumu ni ukuta wa tunda hilo. Ukuta huo haupitishi maji, na kwa ajili hiyo mbegu za lotasi zina sifa ambayo mimea michache sana inayo. Mwaka 1951 mtaalamu wa mimea wa Japani, Ichiro Ohga, alipata mbegu tatu katika matope ya kale huko Kemigawa, mjini Chiba, ambazo umri wake ulikadiriwa kufikia miaka 2000. Mche wa mojawapo ulichanua mwezi Julai mwaka 1952, na vizazi vya mmea huo vingali vinakuzwa hadi leo. Mwaka 1995 Jane Shen-Miller na wenzake walitoa taarifa ya kuotesha mbegu yenye umri wa takriban miaka 1300 kutoka ziwa lililokauka kaskazini mashariki mwa China. Nayataja haya ili mwone kwamba mbegu iliyokaa kabatini kwa miaka kadhaa haijaharibika kwa sababu tu ya umri wake, na kwamba mbegu isiyoota baada ya kulowekwa kwa kawaida haijafa, bali bado imefungwa.

Kuifungua ni kazi ya mikono, nami naomba mnivumilie niieleze taratibu, kwani hapa ndipo mbegu nyingi hupotea. Ukiishika mbegu utaona kwamba ncha zake mbili hazifanani: moja ina kidoto kilichochongoka, na nyingine ina kishimo kidogo mahali ilipokuwa imeshikana na kibweta chake. Tunafungua upande wa kishimo, kwa kuwa upande wa kidoto una sehemu za kiinitete zinazoumia kwa urahisi. Tumia tupa ya chuma au msasa mgumu, na uishike mbegu kwa koleo, kwa kuwa ni ndogo, inateleza, na tupa haichagui kati ya ganda na kidole. Sugua kidogo, tazama, kisha sugua tena. Kwanza litaondoka tabaka jeusi la juu, halafu utaona tabaka la kahawia ambalo bado ni gumu, na mwisho kitatokea kidoa cha rangi ya malai, laini kuliko vyote vilivyotangulia. Hapo simama. Doa lenye ukubwa wa kichwa cha pini linatosha kabisa kuingiza maji. Anayeendelea kusugua hadi doa liwe pana anaikata akiba ya chakula cha mche, na sehemu iliyojeruhiwa huwa njia ya kuvu na bakteria. Wapo wanaozipasua mbegu kwa nyundo au kwa koleo la kubana. Kwa maoni yangu njia hiyo haifai, kwani nguvu inayotosha kupasua ganda mara nyingi hupasua na kilichomo.

Mbegu zikishafunguliwa huwekwa kwenye glasi au mtungi wa kioo wenye maji vuguvugu ya nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na maji hayo hubadilishwa kila siku, au mara mbili kwa siku yakionyesha ukungu. Katika siku ya kwanza au ya pili mbegu hufura hadi kukaribia mara mbili ya ukubwa wake. Isiyofura haijapitisha maji, kwa hiyo irudishwe kwenye tupa. Inayoelea siku baada ya siku, ikatoa harufu na kuyachafua maji, iondolewe mapema kabla haijaziharibu nyingine. Baada ya siku chache, na kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili ikiwa joto halipungui, ganda hupasuka na chipukizi la kijani hutoka.

Chipukizi hilo linafaa kutazamwa kwa karibu. Hutoka likiwa limepinda, kisha hujinyoosha kuelekea kwenye mwanga, na jani la kwanza huwa limeviringwa kutoka kingo zote mbili hadi katikati, likasafiri hivyo ndani ya maji bila kufunguka mpaka lifike juu. Kikonyo chake ni chembamba kama uzi na kinaweza kurefuka hata sentimita kadhaa kwa siku moja. Wengi huona majani mawili yakielea bila mzizi wowote na kudhani kuna kasoro, lakini huo ndio utaratibu wa lotasi: mzizi mkuu wa kiinitete haukui, na mizizi halisi huchomoza baadaye kutoka kwenye kifundo kilicho chini ya majani. Hadi wakati huo mche hula akiba iliyomo ndani ya mbegu, na kwa hiyo hauhitaji mbolea ya aina yoyote. Usiliondoe ganda wala usiikate mbegu ili kuufanya mche uonekane nadhifu.

Mizizi myeupe ikishaonekana, na majani yakiwa mawili au matatu, mche uko tayari kupandwa. Chombo kiwe na kipenyo cha sentimita 20 hadi 26, kisiwe na tundu chini, na kiwe cha mviringo. Suala la mviringo si la urembo tu: shina tambazi la lotasi hukua kwa kusonga mbele, likifika kwenye kona linakwama, na ncha yake ikivunjika au ikioza, ukuaji wa upande huo hukoma. Udongo uwe wa mfinyanzi uliochanganyika na udongo wa kawaida wa bustani, mzito, usio na mboji wala samadi mbichi. Mchanganyiko mwepesi unaouzwa kwa ajili ya mimea ya vyungu haufai, kwa sababu huelea, na mabaki ya mimea yaliyomo huoza ndani ya maji na kuyafanya yanuke. Jaza udongo hadi nusu au zaidi kidogo ya chombo, uloweshe hadi uwe tope laini, kisha tumia kidole kuchimba kijishimo karibu na ukingo na kuilaza mbegu pamoja na mizizi yake ndani yake, ukifunika mizizi tu na kuyaacha majani huru. Mbegu ikitaka kuelea, kokoto moja ndogo iliyowekwa kando yake itaizuia. Mimina maji polepole hadi yapande sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo. Majani yakielea juu ya maji, kina hicho kinatosha, nacho kiongezwe kidogo kidogo mmea unapokua.

Mche mmoja uwe na bakuli moja. Nalisisitiza hili kwa sababu ya lile nililolisema mwanzoni: ikiwa kila mche ni mmea tofauti, basi kuiweka mitatu katika chombo kimoja ni kuishindanisha, na wenye nguvu zaidi, ambao mara nyingi ndio mkubwa, utaimeza midogo. Mtu atakuwa amezichagua lotasi kubwa bila kukusudia.

Kuhusu jua sina mengi ya kusema, ila kwamba lotasi haikubali upungufu wake. Inahitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 kwa siku au zaidi. Katika kivuli itatoa majani, lakini maua hayatakuja, na hakuna mbolea inayoweza kuziba pengo hilo. Anayekuza ndani ya nyumba achague dirisha linalopata jua kwa muda mrefu zaidi, au aweke taa za kukuzia mimea. Mahali penye majira ya baridi, mbegu ziloweshwe mwanzoni mwa majira ya joto, kwa kuwa siku zinapopungua urefu lotasi huanza kugeuza nguvu zake kuwa akiba ndani ya shina, na mche uliochelewa huingia katika baridi ukiwa bado dhaifu.

Majani ya kwanza yanayoelea ni madogo kama sarafu. Kisha siku moja hutokea jani ambalo kikonyo chake ni kinene na chenye vijinundu vya kukwaruza, nalo halilali juu ya maji bali huinuka hewani. Hilo ndilo jani lililosimama, na ndilo dalili kwamba shina tambazi limeanza safari yake. Yakifika majani matatu au manne ya namna hiyo, ndipo mbolea inaporuhusiwa, tena kwa kiasi kidogo: punje chache za mbolea inayoyeyuka polepole, zikiwa zimefungwa katika kipande cha karatasi, huzamishwa kwenye udongo karibu na ukingo wa chombo, mbali na ncha ya shina. Kingo za majani zikigeuka kahawia na kukauka kama zilizoungua baada ya kuweka mbolea, kiasi kimezidi, na dawa yake ni kubadilisha maji mara kadhaa.

Jani hilo hufanya kazi mbili ambazo mkulima anapaswa kuzijua. Ya kwanza inaonekana: matone ya maji huviringika juu yake na kuanguka yakibeba vumbi, kwa sababu uso wake umejaa vijinundu vidogo mno vilivyofunikwa kwa nta, jambo ambalo Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis walilieleza katika makala yao ya mwaka 1997. Ya pili haionekani. Ndani ya kikonyo mna mifereji ya hewa inayoshuka hadi kwenye shina lililozama katika tope lisilo na oksijeni, na kwa njia hiyo jani huwa pua ya mmea mzima. Kwa hiyo jani linalozeeka lisikatwe chini ya usawa wa maji, kwani maji yataingia kwenye mifereji na shina linaweza kuoza. Kata juu ya maji, na uache kipande cha kikonyo kikisimama.

Kuhusu wasumbufu nitasema kwa kifupi. Vidukari waoshwe kwa maji yenye mrusho mwepesi, kwa kuwa sabuni na mafuta ya kunyunyizia huunguza majani ya lotasi kwa urahisi. Mwani wa nyuzi uondolewe kwa mkono kwa kuuzungusha kwenye kijiti, ukijihadhari usiving'oe vikonyo. Jambo la mbu ni zito zaidi, kwa sababu bakuli la maji yaliyotuama ni mahali pao pa kuzaliana, na hakuna ua linalostahili kuleta malaria au homa ya dengi katika nyumba. Beseni kubwa linaweza kufugwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Bakuli dogo hupata joto kali mno kwa samaki, kwa hiyo hapo tumia bakteria wa Bacillus thuringiensis israelensis, ambao huviua viluwiluwi bila kuudhuru mmea, au mimina maji mapya kila baada ya siku chache hadi ya zamani yamwagike yote yaliyo juu ya udongo.

Lotasi ndogo iliyopata joto na jua inaweza kuchanua katika msimu wake wa kwanza, miezi mitatu au minne baada ya kuota, ingawa nyingi husubiri msimu wa pili. Chipukizi la ua huinuka pamoja na jani lililosimama, likiwa limechongoka. Ua hufunguka asubuhi na kujifunga baadaye mchana, na hurudia hivyo kwa siku tatu au nne kabla ya petali kuanguka. Siku ya kwanza sehemu ya kike iko tayari kupokea chavua kabla stameni hazijaitoa chavua yake, na wakati huo ua huzalisha joto lake lenyewe. Roger Seymour na Paul Schultze-Motel, waliochunguza lotasi katika bustani ya mimea ya Adelaide na kutangaza matokeo yao mwaka 1996, waliona kwamba ua hudumisha nyuzi 30 hadi 36 hata hewa inaposhuka hadi nyuzi 10. Amkeni mapema siku ua lenu la kwanza litakapofunguka, kwa kuwa harufu yake huwa nzuri zaidi saa hizo.

Baada ya msimu mmoja au miwili shina tambazi litakuwa limeizunguka bakuli yote na kujibana. Kabla ukuaji mpya haujaanza, mwaga udongo taratibu, chagua vipande vyenye vifundo viwili au vitatu na ncha nzima isiyovunjika, na uvipande upya katika udongo mpya. Kuanzia hapo mnaendeleza mmea ule ule, na kama ulijithibitisha kuwa mdogo, utaendelea kuwa mdogo. Vipande vya ziada viwe zawadi au vikaushwe kabisa kabla ya kutupwa, wala visitupwe kamwe kwenye mto, bwawa au ziwa, kwa maana lotasi ikishapata matope ya wazi hutanda na kuifunika mimea ya asili ya mahali hapo.

Na mnapompa mtu kipande, msikipe jina la aina iliyokuwa kwenye pakiti. Andikeni kwamba ni mche wa mbegu, mtaje jina la mama yake kama mnalijua, mwaka ulioota, rangi ya ua, na ukubwa wa chombo ulimochanulia. Majina ya aina nyingi nzuri yamevurugika kwa sababu miche ya mbegu iliuzwa kwa jina la mzazi, na anayekipokea kipande chenu ana haki ya kujua anachokipanda.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa nitapokea maswali.